Chukua kalamu, anza kufuta: nani hasa ni bondia mkubwa wa nyakati zote?

Swali: Kocha, pokea salamu kutoka Busia. Nina kibanda cha kunyoa karibu na mpaka, na kila Jumamosi ubishi wa ngumi haunipi nafasi ya kufanya kazi. Mjomba wangu anaapa kwamba Afrika haijawahi kuzaa bondia kumshinda John Mugabi, kwa sababu alikuwa analaza watu. Kijana mmoja wa boda anasema maneno yameisha: Mayweather, 50 kwa 0. Wakenya wanaovuka kuja kunyolewa wanamtaja Robert Wangila na dhahabu yake ya Olimpiki. Shangazi yangu, anayetuuzia chai, anasema ni Kassim Ouma kwa yale aliyopitia. Juzi nusura nimkate mteja sikio. Tupe kipimo: ni nini kinamfanya bondia awe mkubwa wa nyakati zote? Na sisi Waganda tunaye hata mmoja?

Jibu: Mwenye sikio mpe pole, kisha mnisikilize wote, maana hapo kibandani mnabishana mambo manne mkidhani ni moja. Mjomba anazungumzia bondia wa kutisha. Kijana wa boda anazungumzia bondia ambaye hajapigwa. Wakenya wanazungumzia bondia aliyeshinda wiki moja kubwa. Shangazi anazungumzia mtu aliyeumizwa na maisha akasimama tena. Yote hayo yana uzito wake, ila ukubwa ni kitu kingine.

Kipimo changu nilikirithi kwa sajenti aliyenifundisha ngumi kambini, enzi ambazo bondia kutoka Arua na bondia kutoka Masaka walielewana ulingoni kwa Kiswahili cha jeshi. Alikuwa anachukua orodha ya mapambano ya bondia, anatoa kalamu, anaanza kufuta. Anafuta ushindi juu ya mtu aliyezeeka. Anafuta ushindi juu ya mtu aliyeletwa aanguke, alipwe, arudi nyumbani. Anafuta yule aliyejikausha maji mwilini ili afikishe uzito. Akimaliza anauliza: «Wamebaki wangapi?» Waliobaki ndio kazi ya bondia huyo. Kisha anahamia kwenye vipigo, na hapo alikuwa anakaa muda mrefu zaidi: nani alimpiga, wakati huo alikuwa na umri gani, na baada ya kupigwa alifanya nini.

Tuanze na sifuri ya Mayweather, maana ndiyo inayopiga kelele. Pambano la 50, Agosti 2017, alimpiga Conor McGregor, mtu wa mapigano ya mchanganyiko ambaye hakuwa amepigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Futa, wala usifikirie mara mbili. Manny Pacquiao, Mei 2015: dunia ililidai pambano hilo miaka mitano mapema, likaja wote wawili wakiwa wameshapita ubora wao. Weka alama ya kuuliza. Canelo Alvarez, 2013, alikuwa kijana wa miaka 23 na alilazimika kupunguza uzito kuliko alivyozoea. Nusu. Lakini ukifika Januari 2001, Diego Corrales, wote wawili hawajawahi kupigwa, na Mayweather akamwangusha mara tano, kalamu inarudi mfukoni yenyewe. Kwa hiyo kijana wa boda hakukosea mtu, amekosea sababu. Mayweather ni mkubwa kwa usiku kama ule. Sifuri ni mapambo. Rocky Marciano naye alistaafu 49 kwa 0, lakini angalia majina: Joe Louis akiwa na miaka 37, Jersey Joe Walcott akiwa na miaka 38. Kalamu ya sajenti ingekula wino mwingi pale.

Na kwa taarifa ya kijana huyo, sifuri ile imepitia kwetu pia. Mei 1999, Las Vegas, Mayweather alitetea mkanda wake wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya ngumi, dhidi ya Justin Juuko, mwana wa Uganda, bingwa wa Michezo ya Jumuiya ya Madola 1990. Juuko alifika raundi ya tisa. Wapo mabondia wenye majina makubwa zaidi ambao hawakufika huko mbele ya Mayweather yule wa miaka 22.

Sasa geuza upande. Sugar Ray Robinson alipigwa mara 19. Mweleze hivyo mtu asiyejua ngumi, atakucheka. Lakini alipopanda ulingoni London, Julai 1951, kupambana na Randy Turpin, alikuwa ameshinda 128, ametoka sare mara mbili, na amepigwa mara moja tu tangu aanze kulipwa mwaka 1940. Aliyempiga mara hiyo moja ni Jake LaMotta, mtu mzito kuliko yeye, Februari 1943 mjini Detroit. Robinson hakwenda kupumzika. Kabla mwezi haujaisha alirudi ulingoni na LaMotta yuleyule, akamshinda. Walikutana mara sita, Robinson akachukua tano. Turpin alimpiga Julai, Septemba akamlipa. Vipigo vingi vilivyobaki ni vya mtu wa miaka 35, 40, hadi 44, aliyekuwa anapigana kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha. Ukifuta ushindi wa bure, ni haki kufuta na vipigo vya uzee. Hapo ndipo wengi wetu tunakubaliana: kilo kwa kilo, yaani bila kujali uzito, hakuna aliyekaa juu ya Robinson.

Muhammad Ali ninamweka peke yake, na ninakiri kwamba si kwa hesabu peke yake. Oktoba 1974 pale Kinshasa walipigana saa kumi alfajiri, kwetu huku ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili, na mimi mtoto nimebanwa kati ya magoti ya wakubwa mbele ya redio moja. Lakini hata bila machozi ya redio ile, angalia hesabu. George Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Ken Norton naye, Foreman alimmaliza katika raundi ya pili. Frazier na Norton ndio watu wawili waliokuwa wamempiga Ali. Kwa mantiki ya kibandani kwako, Ali alitakiwa kufa usiku ule. Alikuwa na miaka 32, amenyang'anywa leseni miaka mitatu na nusu ya ujana wake kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini. Jina hilo hakuna kalamu ya kulifuta.

Haya, twende nyumbani. Mjomba nitamuudhi, lakini anisikilize hadi mwisho.

Mugabi nilimpenda. Alitoka Olimpiki ya Moscow 1980 na medali ya fedha, akaenda Uingereza kwa meneja Mickey Duff, na kuanzia hapo kila aliyesimama mbele yake alilala. Hadi Machi 1986 hakukuwa na jaji aliyewahi kuhitajika kumaliza hesabu ya pambano lake la kulipwa: yote aliyashinda kabla ya kengele ya mwisho. Walimwita Mnyama. Sasa toa kalamu. Futa wale wa mwanzo ambao hata wewe hungekumbuka majina yao. Wanabaki Curtis Parker, aliyemalizwa raundi ya kwanza, Frank Fletcher, James Green na Earl Hargrove. Wote ni wanaume wagumu, wa kuheshimiwa. Hakuna kati yao aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Na hakuna aliyempeleka kupita raundi ya 10.

Kisha akaja bingwa wa dunia Marvin Hagler, Las Vegas, uwanja wa wazi, kwa uzito wa kati ambao haukuwa uzito wake wa kawaida. Mugabi alimpiga Hagler makonde ambayo yangewazika wengine wote niliowataja. Hagler akabaki amesimama, akamrudishia, na raundi ya 11 Mugabi akakaa chini asiinuke. Ukweli ni kwamba huo ndio usiku wake mkubwa kuliko wote, na alipigwa. Ulikuwa ushindi wa mwisho wa Hagler. Sugar Ray Leonard, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama, alisema baadaye kwamba pambano lile ndilo lililomshawishi atoke kustaafu na kumtaka Hagler, kwa jinsi alivyomwona amechakaa. Na aliyemchakaza ni nani? Mwana wa Kampala. Mjomba achukue hilo, ni lake.

Lakini baada ya kipigo alifanya nini? Desemba mwaka huohuo alipigania mkanda wa WBC na Duane Thomas, jicho likaumia, pambano likaisha raundi ya tatu. Mwaka 1989 hatimaye akawa bingwa wa dunia kule Ufaransa, pale René Jacquot alipoteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Mkanda ni mkanda, hatukuurudisha, lakini kalamu inaona. Utetezi wa kwanza, Machi 1990, Terry Norris alimlaza raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata Gerald McClellan naye vilevile. Huyu ni bondia wa kutisha ambaye orodha yake ya walioshindwa haina bingwa aliyekuwa mzima. Namwita hazina yetu. Mkubwa wa nyakati zote simwiti.

Wakenya wajibiwe kwa heshima na kwa ufupi. Dhahabu ya Wangila pale Seoul 1988 ni kitu ambacho sisi hatuna: sisi tuna fedha ya Eridadi Mukwanga ya 1968, na Leo Rwabwogo aliyeleta shaba mwaka huohuo kisha fedha 1972. Lakini ngumi za ridhaa ni mbio fupi: raundi tatu, wapinzani waliopangwa kwa kura, wiki mbili umemaliza. Kama ni ridhaa, mimi ningewakumbusha Wakenya juu ya Philip Waruinge wao wenyewe, aliyepewa tuzo ya bondia mwenye ufundi bora wa Olimpiki ya 1968 ingawa alipata shaba. Aliyempa tuzo hiyo alijua kutazama.

Kutazama, kwa kweli, ni nusu ya ubishi wenu. Nilipoanza kukaa meza ya majaji wa ridhaa, nikiwa kijana, niliwahi kumpa ushindi bondia mmoja kwa sababu ukumbi ulikuwa unanguruma kila alipotupa ngumi. Baadaye kocha wa yule aliyeshindwa, mzee mpole, alinivuta pembeni akaniuliza kati ya zile ngumi nilihesabu ngapi zilizotua. Sikuwa na jibu. Nyingi zilikuwa zinaishia kwenye mikono na mabega. Tangu siku hiyo pambano lolote ninalotaka kulielewa ninalitazama mara ya pili bila sauti. Na kwa wale wa zamani sana hata hiyo hakuna: Harry Greb, mtu pekee aliyempiga Gene Tunney, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, amepigana karibu mara 300 na hakuna filamu hata moja ya pambano lake iliyobaki. Tunamhukumu kwa magazeti na kwa majina ya aliowashinda. Kalamu tu.

Nilikuwa nataka kufika kwa Ayub Kalule, ambaye hakuna mtu kibandani kwako aliyemtaja, na hilo ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi.

Kalule alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1974, na mwaka huohuo akashinda ubingwa wa dunia wa ridhaa wa kwanza kabisa kuandaliwa, Havana. Cuba, ndugu yangu, nyumbani kwao.  Mwaka 1976 akaenda Denmark kupigana kwa malipo. Tarehe 24 Oktoba 1979 alikwenda Akita, Japani, kwa bingwa Masashi Kudo ambaye hakuwa amepigwa na mtu, akamnyang'anya mkanda wa WBA kwa pointi, raundi 15. Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia.

Hapa inabidi nikuelezee kitu kuhusu mikanda. Mwaka 1979 mashirika makubwa yalikuwa mawili tu, WBA na WBC. IBF ilikuja 1983, WBO 1988. Leo uzito mmoja una mabingwa wanne, na ukiongeza mikanda ya muda na ile ya majina ya ajabu unaweza kujaza daladala. Uzito nao umeongezeka: Henry Armstrong aliposhika mikanda mitatu kwa wakati mmoja mwaka 1938, uzito uliotambuliwa ulikuwa nane, leo ni 17 na ushee. Kwa hiyo mtu akikuambia «bingwa wa dunia», muulize mwaka gani kwanza. Mkanda wa Kalule ulikuwa mmoja kati ya miwili duniani.

Aliutetea mara nne. Kisha Juni 1981, Houston, akapambana na Sugar Ray Leonard. Kalule alikuwa ameshinda 36 bila kupigwa. Leonard alikuwa katika miaka yake bora kabisa: miezi saba kabla alikuwa amemfanya Roberto Durán ageuke na kukataa kuendelea, na chini ya miezi mitatu baadaye angemmaliza Thomas Hearns. Kalule, mkono wa kulia mbele, alimfuata Leonard raundi baada ya raundi na kumpa usiku mchafu. Leonard alikuwa anaongoza, ndiyo, lakini alikuwa anafanya kazi. Mwishoni mwa raundi ya tisa akamwangusha, refa akasimamisha.

Sasa fanya ile sehemu ya pili ya kipimo. Kalule alipigana mara 50, akapoteza nne. Hao wanne ni Leonard, Davey Moore, Mike McCallum na Herol Graham. Wawili kati yao wamo kwenye Jumba la Mashujaa wa ngumi kule Canastota, Marekani. Moore alikuwa bingwa wa dunia siku hiyo. Graham ndiye fundi ambaye wengi walikuwa wanamkwepa. Hakuna mtu wa hovyo aliyewahi kumpiga Kalule. Na katikati ya vipigo hivyo alipanda uzito akawa bingwa wa Ulaya wa uzito wa kati, 1985.

Kinachomzuia kuingia kwenye orodha ya juu kabisa ni upande wa kwanza wa karatasi. Ukifuta, anabaki Kudo na mabondia wazuri wa Ulaya, lakini hakuna jina moja la kutikisa dunia aliloliangusha. Nafasi yake ilikuja mara moja, na aliyekuwa amesimama mlangoni alikuwa Leonard. Mlinganishe na Azumah Nelson wa Ghana: Julai 1982 aliitwa ghafla kupigana na Salvador Sánchez, New York, akiwa na mapambano 13 tu. Alipigwa raundi ya 15. Kipigo kilekile kilimtangaza. Miaka miwili baadaye akaenda Puerto Rico akamlaza Wilfredo Gómez mbele ya watu wake, na mwaka 1992 akaenda Melbourne akamfanyia hivyohivyo Jeff Fenech. Nelson yumo Canastota, na Afrika ikitaka kupeleka jina moja mezani mbele ya Mugabi wa mjomba, jina ni hilo, au la Dick Tiger wa Nigeria. Mganda bado.

Cornelius Boza-Edwards nitamtaja ili msije mkamsahau. Mzaliwa wa Kampala aliyekulia ngumi za Uingereza, alichukua mkanda wa WBC 1981 kwa Rafael Limón, akautetea dhidi ya Bobby Chacon, akaupoteza mwaka huohuo. Pambano lake la marudiano na Chacon, 1983, jarida la The Ring lilichagua kuwa pambano bora la mwaka. Alilipoteza, na bado watu wanalitafuta kulitazama.

Na shangazi, mwenye chai. Mwambie nimemsikia. Ouma alichukuliwa akiwa mtoto akafanywa askari, akaja kutoroka akiwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2004 akawa bingwa wa IBF kwa kumshinda Verno Phillips. Ukimpima kama mtu, kibanda chote kisimame. Lakini kwa kalamu mkanda ulikaa kwake chini ya mwaka mmoja, Roman Karmazin akauchukua, na alipopanda kwa Jermain Taylor 2006 alishindwa kwa pointi. Mwaka 2011, ubora wake ukiwa umepita, alimsumbua Gennady Golovkin hadi raundi ya 10. Mateso ya utotoni yanaeleza kwa nini hakurudi nyuma usiku ule. Kwenye orodha ya aliowashinda hayaongezi jina.

Kwa hiyo, kwa swali lako la mwisho: daraja la juu kabisa hatuna mtu. Chini yake kidogo yuko Kalule, na nitabishana na yeyote atakayemweka Mugabi juu yake. Angalia pia miji niliyokutajia: Akita, Houston, Las Vegas. Wanne wetu waliovaa mikanda mikubwa waliipata ugenini na kuipoteza ugenini. Kalule alikuwa kipenzi cha Wadenmark, na Uganda ilimsikia kwenye redio. Pengine ndiyo maana kijana wa boda hajui jina lake.

Kwa Jumamosi ijayo, bandika karatasi pembeni ya kioo na ufunge kalamu kwa uzi. Anayetaja bondia aandike majina matano aliyowashinda, wengine wafute. Wewe endelea kunyoa. Na mjomba mtafutie pambano la Hagler na Mugabi kwenye simu, raundi ya sita, uzime sauti. Ahesabu za Hagler zilizotua, kisha ahesabu Mugabi alirudi nyuma hatua ngapi. Aniletee namba hizo.